Kunyonga Baiskeli Huku Unacheza Gemu: Je, Ni Afya au Ni Anasa?

Katika toleo hili tunazungumzia jambo ambalo wazee wengi wa Milepa huenda hawajaliona kwa macho, lakini vijana wao wanalifahamu. Ni desturi ya kufanya mazoezi ya mwili wakati mtu anacheza michezo ya video, ile ambayo vijana huiita gemu. Mtu hupanda baiskeli ya mazoezi isiyokwenda popote, au husimama juu ya mashine ya kukimbilia yenye mkanda unaozunguka chini ya miguu, na mbele yake pana runinga au simu yenye mchezo. Ananyonga, anacheza, na jasho linamtoka.

Sisi wauguzi tunaulizwa habari hii kwa namna mbili. Wapo wazazi wanaosema: "Mwanangu hana kazi nyingine isipokuwa gemu. Nikimwambia atoke nje anyooshe viungo, ananijibu kwamba siku hizi hata gemu ni mazoezi. Je, ni kweli?" Na wapo watu wazima waliopimwa wakaambiwa wana shinikizo la damu au kisukari, ambao watoto wao walioko Mbeya au Dar es Salaam wanataka kuwanunulia baiskeli ya mazoezi yenye kioo. Hao huuliza: "Sista, kitu hicho kitanisaidia, au ni kutupa fedha?"

Maswali yote mawili ni ya haki, na jibu lake ni moja. Faida ya mazoezi hutoka kwenye miguu, mapafu na moyo uliofanya kazi. Gemu yenyewe haitibu kitu. Kazi inayoweza kufanya ni kumvuta mtu aendelee kunyonga leo, na arudi tena kesho. Ikifanya hivyo, inasaidia. Ikimkalisha mtu kitini, inadhuru. Hebu tuyaangalie mambo haya moja baada ya jingine.

KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU

Wengi husema kwamba mazoezi ni shughuli ya watu wa mjini. Mkulima wa huku bondeni, anayeamka alfajiri kwenda kwenye jaruba la mpunga, anayepalilia kwa jembe la mkono na kurudi na kuni kichwani, amekwisha kufanya mazoezi kuliko mtu yeyote wa mjini mwenye mashine. Hilo ni kweli kabisa. Mtu wa namna hiyo hahitaji baiskeli ya kuzunguka mahali pamoja. Anahitaji chakula kizuri, maji na usingizi.

Lakini tuseme ukweli, maisha yanabadilika. Safari iliyokuwa ya miguu au ya baiskeli sasa ni ya bodaboda. Mwenye duka hukaa nyuma ya meza tangu asubuhi hadi usiku. Dereva wa bodaboda mwenyewe hushinda ameketi. Mwalimu, karani na fundi cherehani ni hivyo hivyo. Hata mkulima ana miezi baada ya mavuno ambapo jembe limepumzika na yeye amepumzika nalo. Mtoto naye, ambaye zamani jioni ilimkuta uwanjani, leo inamkuta ameinamia simu ya kaka yake.

Mwaka 2012 ulifanyika uchunguzi wa kitaifa hapa Tanzania kwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Ulionyesha kwamba takriban mtu mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, na takriban watu 9 kati ya 100 wana kisukari. Maradhi haya hayapigi hodi. Mtu anaweza kuishi na presha miaka mingi bila kuumwa na kitu. Siku anapofikishwa hospitalini, mara nyingi amekwisha kupata kiharusi: mdomo umepinda, mkono na mguu wa upande mmoja havina nguvu, maneno hayatoki. Familia nzima inabadilika siku hiyo. Aliyekuwa analisha wengine sasa analishwa, na binti mmoja analazimika kuacha shughuli zake ili amhudumie.

Kuutumia mwili kila siku ni kinga mojawapo ya hayo yote, na haiuzwi dukani. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa juma. Ni kama nusu saa kwa siku tano. Watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kila siku. Swali linabaki hili: anayeshinda ameketi atazipataje dakika hizo, na atafanyaje asichoke na kuacha baada ya juma moja?

MASHINE ILIYOKUWA ADHABU

Msomaji anaweza kushangaa kusikia kwamba mashine ya kukanyaga mahali pamoja ilianza kuenea kama adhabu ya wafungwa. Mwaka 1818, huko Uingereza, mhandisi William Cubitt alitengeneza gurudumu kubwa lenye ngazi. Wafungwa walilipanda kwa saa nyingi kila siku bila kufika popote. Wakati mwingine lilisaga nafaka, na wakati mwingine halikufanya kazi yoyote. Sheria ya magereza ya mwaka 1898 ndiyo iliyoliondoa katika magereza ya huko. Kilichowaumiza wafungwa hakikuwa uzito wa kazi peke yake. Kuchosha kwake, dakika baada ya dakika bila badiliko lolote, nako kulikuwa sehemu ya adhabu.

Baadaye madaktari waliona kwamba chombo cha namna hiyo kinafaa kupimia moyo. Mwaka 1963 Daktari Robert Bruce wa Seattle, Marekani, alieleza utaratibu wa kumtembeza mgonjwa juu ya mkanda unaoongezwa mwendo na mwinuko kidogo kidogo huku umeme wa moyo wake ukiandikwa. Utaratibu huo unatumika hata leo katika hospitali za moyo. Kisha mashine zikaingia katika nyumba za mazoezi na majumbani. Lakini ule uchovu wa akili haukuondoka. Watu wengi hununua mashine kwa furaha, na baada ya miezi michache inakuwa mahali pa kuanikia nguo.

Ndipo watengenezaji wa gemu walipoona nafasi. Mwaka 1998, huko Japani, ulitoka mchezo wa kucheza dansi juu ya jukwaa lenye mishale, uitwao Dance Dance Revolution. Mwaka 2006 jimbo la West Virginia nchini Marekani, lililokuwa na tatizo kubwa la watoto wanene, lilitangaza mpango wa kuuingiza mchezo huo katika shule zake za umma. Mwaka huo huo kampuni ya Nintendo ilitoa mashine ya Wii, ambayo mchezaji hurusha mkono wake mwenyewe kana kwamba anapiga mpira wa tenisi. Mwaka 2014 ilianza programu ya Zwift: mtu ananyonga baiskeli yake ikiwa imefungwa ndani ya nyumba, na kwenye kioo anaonekana akipanda milima pamoja na watu wa nchi nyingine. Akiongeza nguvu miguuni, yule wa kwenye kioo naye anakwenda kasi.

Tusidhani ni mchezo wa watoto. Desemba 2020 Chama cha Baiskeli cha Dunia kilifanya kwa njia hiyo mashindano yake ya kwanza ya ubingwa wa dunia. Kila mshindani alinyonga akiwa mahali pake. Kwa wanawake alishinda Mwafrika mwenzetu, Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini, na kwa wanaume Jason Osborne wa Ujerumani. Jasho lao lilikuwa jasho la kweli.

WATAALAMU WAMEONA NINI

Tuchukue chunguzi nne zilizofanywa nchi mbalimbali, kwani zinajibu maswali yetu vizuri.

Uchunguzi wa kwanza ulitolewa mwaka 2007 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada. Vijana wachache wa kiume waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilinyonga baiskeli za mazoezi za kawaida, na kundi la pili lilinyonga baiskeli zilizounganishwa na gemu. Wote walipangiwa dakika 30, siku tatu kwa juma, kwa majuma sita. Matokeo yalikuwa kwamba mahudhurio ya wale wa gemu yalizidi ya wenzao kwa asilimia 30. Uwezo wa miili yao kutumia hewa uliongezeka kwa asilimia 11, na presha yao ya juu wakiwa wamepumzika ilishuka kwa wastani kutoka 132 hadi 123. Tuangalie vizuri hapo: gemu haikuteremsha presha. Ilichofanya ni kuwafanya vijana wasikose kuja, na kule kuja ndiko kulikowafaa.

Uchunguzi wa pili ulitolewa mwaka 2012, nao uliwahusu wazee wa jimbo la New York. Kwa miezi mitatu baadhi yao walinyonga baiskeli ya mazoezi ya kawaida, na wengine baiskeli yenye kioo kinachoonyesha njia, vilima na washindani. Nguvu waliyotumia ilikuwa sawa. Hata hivyo wale wa baiskeli yenye kioo walifanya vizuri zaidi katika vipimo vya akili, kama vile kupanga mambo na kubadilisha mawazo upesi. Inaonekana kwamba miguu na akili vikifanya kazi pamoja, ubongo wa mzee hunufaika.

Uchunguzi wa tatu, wa Liverpool, Uingereza, ulitolewa mwaka 2007. Vijana 11 wa miaka 13 hadi 15 walipimwa wakicheza gemu ya kukaa na gemu za Wii za kurusha mikono. Zile za Wii zilitumia nguvu zaidi ya gemu ya kukaa. Lakini hazikuufikia mchezo wenyewe wa uwanjani, wala hazikutosha kuhesabiwa kuwa ndiyo mazoezi ya siku ya kijana.

Uchunguzi wa nne ulifanyika Houston, Marekani, ukatolewa mwaka 2012. Watoto wa miaka 9 hadi 12 walipewa mashine ya gemu wakae nayo nyumbani kwa majuma 13. Wengine walipewa gemu za kuruka na kurusha mikono, wengine gemu za kukaa. Mwishoni, mwendo wa miili yao ulipopimwa, hapakuwa na tofauti kati ya makundi hayo mawili. Kumpa mtoto gemu ya mazoezi na kumwacha nayo peke yake hakukumfanya awe na mwendo zaidi.

Kwa hiyo mzazi anayeambiwa kwamba "gemu nayo ni mazoezi" anaweza kumjibu mwanawe kwa uhakika. Gemu ya kukaa si mazoezi hata kidogo. Gemu ya kurusha mikono ni afadhali, lakini ni kidogo. Gemu iliyofungamanishwa na baiskeli, kwa saa maalumu na siku maalumu, ndiyo iliyoonyesha faida.

KWA NINI MCHEZO HUPUNGUZA UCHOVU

Akili ya mtu haiwezi kuangalia mambo mengi kwa wakati mmoja. Ukikaa unauhesabu uchovu wa miguu yako, kila dakika inakuwa ndefu. Ukiwa na jambo jingine la kuvutia, taarifa ile ya uchovu inafika lakini inapata nafasi ndogo. Mtu ananyonga dakika ishirini akidhani ni kumi.

Jambo hili wazee wetu walilijua bila kufundishwa. Watu wakilima kwa kushirikiana huimba, na majembe hupanda na kushuka kwa pamoja. Wanawake wakitwanga wawili au watatu katika kinu kimoja hupokezana mchi na maneno. Mwanakwaya anaweza kucheza na kuimba saa nzima, lakini mwambie aruke peke yake kimya kimya uone kama atafikisha dakika tano. Hata yule fundi wa kunoa visu tunayemwona sokoni, aliyesimamisha baiskeli yake kwenye stendi na kunyonga ili jiwe lizunguke, hufanya kazi yake akizungumza na wateja. Huyo ana baiskeli ya mazoezi miaka yote, na haijui kwa jina hilo.

Lakini msaada huo una mpaka. Mazoezi yakiwa ya wastani, mchezo au wimbo husaidia sana. Yakiwa mazito, pumzi ikibana na misuli ikiungua, mwili hupaza sauti na hakuna gemu itakayoifunika. Na hapo ndipo pana hatari pia, kwani mtu mwenye ugonjwa wa moyo, akizama katika mchezo, anaweza kuchelewa kutambua maumivu ambayo angepaswa kuyatii mara moja.

TAHADHARI

Kwa wale wanaotumia mashine hizi, na kwa jamaa wa huko mjini wanaotaka kuwanunulia wazazi wao, tunashauri yafuatayo:

1. Mtu mwenye presha, kisukari, ugonjwa wa moyo, au mwenye zaidi ya miaka 40 ambaye hajazoea mazoezi, apimwe kwanza. Presha ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, mazoezi yasubiri hadi ishuke kwa dawa.

2. Baiskeli ya mazoezi ni salama kuliko mkanda wa kukimbilia kwa mtu anayetaka kucheza gemu. Kwenye baiskeli mtu ameketi. Kwenye mkanda, jicho likiwa kwenye kioo na mikono yote ikiwa na kazi, hatua moja mbaya humwangusha, hasa mzee. Anayetumia mkanda atembee polepole, na afunge kwenye nguo yake ile kamba ya kuzimia mashine.

3. Mashine ichomolewe kwenye umeme baada ya kutumika. Watoto wadogo huumia kwa kuweka mikono kwenye mkanda unaozunguka au vidole kwenye mnyororo.

4. Ukisikia maumivu au uzito kifuani, maumivu yanayokwenda shingoni au mkono wa kushoto, kizunguzungu, moyo kwenda mbio bila mpangilio, au pumzi kukata kuliko kawaida, acha hapo hapo. Usimalizie mchezo. Usiposikia nafuu, nenda kituo cha afya bila kuchelewa.

5. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari awe na sukari, pipi au soda karibu, kwani mazoezi hushusha sukari. Avae viatu, na aangalie nyayo zake kila baada ya mazoezi.

6. Mwenye kifafa awe mwangalifu na michezo yenye mianga inayomemeteka. Kwa watu wachache mianga hiyo huamsha degedege. Desemba 1997 huko Japani mamia ya watoto walipelekwa hospitalini baada ya kutazama katuni moja ya runinga yenye mianga ya namna hiyo. Aidha, mwenye kifafa asifanye mazoezi kwenye mashine akiwa peke yake.

7. Mambo haya yafanyike ndani tu. Anayetembea au kuendesha baiskeli barabarani asiwe na simu mkononi wala spika za masikioni. Huku kwetu pikipiki hutokea bila kutarajiwa, na sikio ndilo linaloiona kabla ya jicho.

HABARI YA GEMU NA WATOTO

Hatupendi kuwatisha wazazi. Mtoto akicheza gemu muda mfupi baada ya kazi na masomo, hakuna ubaya. Ubaya huanza pale gemu inapokula muda wa kulala, wa kusoma, wa kula na wenzake na wa kukimbia. Shirika la Afya Duniani limekwisha kuutambua uraibu wa gemu kuwa ni ugonjwa, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kuitanguliza gemu mbele ya mambo mengine yote, na kuendelea nayo hata anapoona inamharibia maisha, kwa muda ambao kwa kawaida hufikia mwaka mzima. Si kila mtoto apendaye gemu ni mgonjwa. Lakini kijana anayeiba fedha nyumbani ili aende kwenye kibanda cha gemu, au aliyeacha shule kwa ajili hiyo, anahitaji msaada. Kumchapa peke yake hakutoshi.

Kwa watoto wadogo, mwongozo wa mwaka 2019 ni kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya kioo, na wa miaka miwili hadi minne usizidi saa moja kwa siku, na ikiwa pungufu ni bora zaidi. Mama anayempa mtoto simu ili anyamaze apike, tunamwelewa, kazi ni nyingi. Ila sufuria tupu na kijiko vitamnyamazisha vilevile, na mikono yake itapata kazi.

TUFANYEJE HAPA KWETU

Sasa tufike kwenye jibu la yule mzee anayeuliza kama akubali kununuliwa baiskeli yenye kioo. Ikiwa watoto wake wana uwezo, umeme upo, na yeye hawezi kutembea mbali kwa sababu ya magoti au mwili mzito, mashine hiyo itamfaa, mradi aitumie. Ikiwa uwezo ni mdogo, asihuzunike. Kinachofanya kazi katika mashine ile ni mambo matatu: miguu inakwenda, kuna kitu cha kuvuta moyo, na kuna siku na saa maalumu. Yote matatu yanapatikana Milepa.

Kwanza, turudie baiskeli. Kunyonga kwa mwendo wa kawaida hutumia nguvu mara nne hadi saba ya ile anayotumia mtu aliyeketi kimya, na kutembea kwa kasi ya kawaida hutumia kama mara tatu. Safari fupi ya sokoni, shuleni au dukani isiwe lazima ya bodaboda. Bonde letu ni tambarare, na hiyo ni bahati ambayo ndugu zetu wanaopanda Lyamba lya Mfipa hawana. Tuangalie tu joto. Wakati mzuri ni asubuhi mapema au jioni jua likishapoa, na maji ya kunywa yawepo.

Pili, anayetaka kunyonga nyumbani anaweza kusimamisha baiskeli kwenye stendi ya nyuma, kama yule fundi wa visu, huku akisikiliza radio. Ni nyepesi kuliko mashine, lakini kwa mtu anayeanza yafaa. Stendi iwe imara, sakafu iwe sawa, na watoto wakae mbali na gurudumu na mnyororo. Mtu mzito sana asifanye hivyo, stendi isije ikakunjika.

Tatu, tafuta kitu cha kukuvuta. Mwingine ni matangazo ya mpira, mwingine ni tamthilia ya radio, mwingine ni nyimbo za kwaya. Kwa wengi, kivutio kikubwa ni mwenzako. Mke na mume wakikubaliana kutembea pamoja kila jioni, siku mmoja akiwa mvivu mwingine atamwinua. Wagonjwa wa presha wa kitongoji kimoja wanaweza kwenda pamoja kliniki kwa miguu, wakizungumza njiani.

Nne, tuwarudishie watoto michezo yao. Rede, kombolela, kuruka kamba na chandimu vina alama, washindi, zamu na mbinu kama gemu yoyote, na vinawakimbiza hasa. Mzazi asiseme tu "acha simu". Aseme pia "nenda ukacheze", na ampunguzie kazi ya jioni apate nafasi hiyo. Wasichana hasa hunyimwa nafasi hii, kwani mpira ukianza wao wako kisimani na jikoni. Kubeba maji ni kazi ya mwili, hilo hatukatai, lakini nao wanastahili kucheza. Ikiwa nyumba ina gemu, wekeni kanuni: kwanza uwanja, kisha kioo, na usiku simu ilale chumbani kwa wazazi.

Tano, anza kidogo. Juma la kwanza dakika kumi kwa siku zatosha. Kila juma ongeza dakika tano, hadi ufike nusu saa. Kipimo cha wastani ni rahisi: uweze kuzungumza, lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba bila shida, ongeza mwendo. Ukishindwa hata kusema maneno machache, punguza.

HITIMISHO

Wapendwa wasomaji, mtu mwenye presha anaweza kuambiwa afanye mazoezi mara mia, na asifanye, kwa sababu tumempa amri bila kumpa hamu. Watu wa gemu wamegundua hamu, na kwa hilo tusiwacheke. Tuchukue lililo jema katika desturi hiyo na kulipanda katika udongo wetu.

Mazoezi hayachukui nafasi ya dawa. Anayetumia vidonge vya presha au kisukari aendelee navyo hadi mganga atakapombadilishia, hata kama anajisikia mwenye nguvu baada ya majuma machache ya kunyonga baiskeli. Na yule ambaye hajawahi kupimwa presha, afike zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye. Kipimo ni cha dakika chache na hakina maumivu. Ni afadhali kuijua namba yako leo ukiwa umefika kwa miguu yako mwenyewe, kuliko kusomewa siku umebebwa. Kinga ni bora kuliko tiba.